Swali: Njia ya orodha kupima hongo ya uchaguzi. Watu 1,200 wanatosha?

Mdadisi wa Pwani

Wakuu, salamu. Tunatayarisha dodoso kwa kaunti moja ya Pwani ya Kenya: watu 1,200, uso kwa uso, kwa Kiswahili, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Swali kuu ni kama mpiga kura alipewa kitu wakati wa kampeni. Ukiliuliza waziwazi, watu wanakana. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Nicaragua, uchaguzi wa mitaa wa 2008: walioulizwa moja kwa moja, 2% tu ndio waliokiri, kwa njia ya orodha ikaonekana ni 24%.

Kwa asiyeijua: wahojiwa wanagawanywa nasibu makundi mawili. Kundi la kwanza linasomewa mambo manne ya kawaida, kila mtu anataja idadi tu ya yaliyomtokea. Kundi la pili linasomewa hayohayo manne na la tano, lile nyeti. Wastani wa kundi la pili ukitolewa wastani wa kundi la kwanza, kinachobaki ndiyo sehemu ya watu waliotokewa na jambo nyeti. Kwa mfano 2.05 toa 1.84 ni 0.21, yaani 21%. Hakuna anayejua fulani alijibu nini.

Naomba kujua: 1,200 wanatosha? Yale manne nayachagueje? Na uwandani huharibika wapi?

mkengeuko_sanifu

Naanza na hesabu, maana hapo ndipo wengi huumia baada ya pesa kuisha.

Swali la moja kwa moja kwa watu 1,200 lina kiwango cha makosa cha takribani alama ±2.8 za asilimia majibu yakiwa karibu na nusu kwa nusu. Ukitumia orodha, unagawa 600 kwa 600 na unachopima ni tofauti ya wastani mbili. Majibu ya orodha yakiwa na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) wa 1, jambo la kawaida kwa vipengele vilivyookotwa tu, hesabu ni kipeuo cha pili cha 1/600 + 1/600, yaani 0.058. Zidisha kwa 1.96: ±11.3. Maana yake ukipata 20%, ukweli unaweza kuwa 9 au 31. Hiyo ni ripoti ya kuchekwa.

Kutaka usahihi wa ±2.8 kwa orodha hiyo ni kutaka watu mara 16, zaidi ya 19,000. Hakuna anayelipa hivyo. Kinachowezekana ni kupunguza mtawanyiko.

La kwanza, chagua vipengele viwili vinavyopingana, anayesema ndiyo kwa kimoja asema hapana kwa kingine. Jumla za watu zitakaribiana, mkengeuko ushuke hadi 0.7 hivi. Kiwango cha makosa kinakuwa ±7.9.

La pili, tumia orodha mbili. Kundi A linapata jambo nyeti kwenye orodha ya kwanza na halilipati kwenye ya pili. Kundi B kinyume chake. Kila mtu anatumika mara mbili. Chukua wastani wa tofauti hizo mbili na unafika karibu ±5.6, au chini kidogo ikiwa anayejibu idadi kubwa kwenye orodha moja hujibu kubwa kwenye nyingine pia. Kwa hiyo orodha zifanane kwa namna, zisifanane kwa maneno.

Chini ya hapo usitegemee. Na usithubutu kugawa matokeo kwa kaunti ndogo. Waliobaki 150 kwa kila moja hawakuambii kitu.

Ugawaji nao ufanyike ndani ya kila eneo la kuhesabia watu. Ukihoji 8 kwa kila eneo kama Afrobarometer, mtandao wa kura za maoni Afrika, wanavyofanya (1,200 ni maeneo 150), wanne wapate orodha fupi na wanne ndefu. Hapo kufanana kwa majirani hakukusumbui sana, kwani kunakatana kwenye tofauti. Kwenye swali la moja kwa moja hakukatani: kufanana kwa majirani (0 ni hakuna, 1 ni kabisa) kukiwa 0.05, ±2.8 yako inakuwa ±3.3. Ukigawa kwa eneo zima au kwa mdodosi (Asha orodha fupi, Juma ndefu), unapima tofauti ya Asha na Juma.

Kama mnatumia ODK au Kobo (programu za kukusanyia data kwa simu au kishikwambi), kokotoo la nasibu liandikwe once(random()). Bila once, mdodosi akifungua upya fomu aliyoihifadhi namba inabadilika, na mtu aliyesomewa mambo manne anaandikwa kwenye kundi la matano. Kosa hilo halionekani kwenye data, unaona tu makadirio yamenywea. Ila hiyo inakupa nusu kwa nusu kwa jumla tu. Ukitaka wanne kwa wanne kila eneo, andaa jedwali la ugawaji mapema ulipakie kwenye kishikwambi.

Bi Dodoso

Hesabu ya hapo juu ni sawa, lakini inadhani mhojiwa amehesabu. Mara nyingi hajahesabu. Kuna utafiti uliofanywa Kenya kuhusu njia hii ya orodha ukakuta inavunjika, hasa kwa wenye elimu ndogo: mtu anasikia mambo matano, anakumbuka la mwisho, anataja namba inayomjia. Kumweka mtu afanye hesabu kichwani huku mtoto analia na kuku wanapita si mtihani mwepesi.

Kwa hiyo usimsomee tu. Mpe kadi iliyopigwa laminesheni yenye picha moja kwa kila jambo, na kalamu ya kufutika. Aweke alama mwenyewe, kadi ikitazama kifua chake, ahesabu, ataje namba, afute, ndipo arudishe. Mdodosi ageuke pembeni, asitazame mkono. Beba kitambaa chenye spiriti kidogo. Wino ukikaa juani dakika kadhaa haufutiki kwa kitambaa kikavu, na mhojiwa akiona alama zake bado zipo atakuwa amejifunza kutokuamini. Maswali yatakayofuata yote yataharibika.

Kabla ya orodha yenyewe mfanyishe zoezi moja la mambo ya hivihivi: leo umekunywa chai, umepanda boda, umekula wali, umeongea kwa simu. Akitaja "chai na simu" badala ya "mawili", rudia. Akishindwa mara ya pili, andika kwenye fomu kuwa alishindwa, kisha endelea naye. Usimtupe nje, lakini kwenye uchambuzi utataka kuwaona hao kivyao.

Maneno sasa. Niandike kama yanavyopaswa kusomwa:

"Nitakuonyesha mambo ambayo huwatokea watu wakati wa kampeni. Usiniambie ni yapi yaliyokutokea. Niambie tu ni mangapi."

Hapo pana mtego wa Kiswahili chenyewe. *Yapi* na *mangapi* yanafuatana kwenye pumzi moja, na mdodosi aliyechoka saa tisa alasiri anauliza "haya, ni yapi?" Mhojiwa anamwambia, na siri imekwisha. Wafundishe waseme "namba tu" mwishoni, kila mara, kwa vidole hewani ikibidi.

Mtego wa pili ni kukanusha. Ukiandika kipengele "Hukuhudhuria mkutano wowote wa kampeni", mtu aliyekaa nyumbani atasema "ndiyo, sikuhudhuria", mwingine wa aina hiyohiyo atasema "hapana, sikuhudhuria". Mmoja anahesabu, mwingine hahesabu. Vile vipengele vinavyopingana anavyosema mkengeuko_sanifu viandike kwa kukubali vyote viwili:

– Ulifuatilia kampeni kwa redio zaidi kuliko kwa simu.
– Ulifuatilia kampeni kwa simu zaidi kuliko kwa redio.

Karibu kila mtu atakuwa na kimoja, hivyo hakuna wa kujibu sifuri na hakuna wa kufikisha vyote. Hilo ni muhimu. Mtu ambaye mambo yote manne ya kawaida yalimtokea, akiongeza na la tano itabidi aseme "matano", na hapo amekiri mbele yako. Atasema manne. Ongeza cha tatu cha kawaida sana (uliona bango la mgombea mtaani kwako) na cha nne cha nadra (mgombea ugavana mwenyewe alifika mlangoni kwako). Wapenda mambo huweka vyote vinne vya nadra ili kupunguza mtawanyiko. Wastani unakuwa 0.4, na anayesema "moja" ameshajitaja.

Cha tano, chenyewe: "Mgombea au mtu wake alikupa wewe pesa, unga, leso au kitu kingine." Usiongeze "ili umpigie kura". Huku kwetu hakuna anayetoa mia mbili akitamka hivyo. Anasema "ya soda", "ya maji", "nauli ya kurudi". Ukitia sharti, mtu mkweli kabisa atasema halikumtokea. Na neno *wewe* libaki, kwa sababu pesa nyingi hupitia kikundi cha akina mama au timu ya vijana, na mtu atajibu kwa haki kuwa kikundi ndicho kilichopewa. Kama unayataka hayo ya vikundi, yaulize peke yake. Hayana siri kubwa.

Shanga Sita

Mdadisi, kwa nini ung'ang'anie orodha? Mississippi, Marekani, 2011 ilipigwa kura ya maoni juu ya utoaji mimba, matokeo halisi yakajulikana, watafiti wakalinganisha njia kadhaa na ukweli. Kuuliza moja kwa moja kulikosea zaidi. Orodha ilisaidia. Iliyokaribia ukweli zaidi ni njia ya jibu la kubahatisha.

Inavyofanya kazi: mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani, shanga sita za ukubwa mmoja. Moja nyekundu, moja nyeupe, nne buluu. Mhojiwa anachomoa bila kukuonyesha. Nyekundu: sema "ndiyo" hata kama si kweli. Nyeupe: sema "hapana". Buluu: sema ukweli. Anarudisha ushanga. Mdodosi akisikia "ndiyo" hajui ni ya nani, ya mtu au ya ushanga.

Hesabu: waliosema ndiyo wakiwa 30%, toa 16.7, inabaki 13.3, gawa kwa 0.667. Jibu 20%. Kiwango cha makosa kwa 1,200: ±3.9. Linganisha na ±11.3 ya orodha moja iliyotungwa vibaya.

Nigeria, kule Niger Delta, walitumia kete ya pande sita. Pwani nisingetumia kete. Wazee wengi wataiona ni kamari na mlango utafungwa kabla ya swali la kwanza. Shanga hazina shida hiyo. Ila ziwe ukubwa mmoja kweli: ukichanganya za kioo na za plastiki, vidole vinajua.

Udhaifu wake: kuna watu hawataki kutamka "ndiyo" kwa kosa ambalo hawakulifanya, hata ushanga ukiwaamuru. Dalili ni rahisi kuiona. Jumla ya "ndiyo" ikiwa chini ya 16.7%, watu wanakaidi, na makadirio yako yatatoka hasi. Anza na swali lisilo na aibu (una redio nyumbani?) ili waone mchezo unavyokwenda.

Baba Nyumba Kumi

Mbona mnajisumbua. Muulize "watu wa mtaa huu walipewa?" Atakueleza mpaka kiasi.

Bi Dodoso

Ataeleza, mzee wangu, na ni swali zuri la kujua bei na njia zinazotumika. Lakini mgombea mmoja akigawa unga mbele ya watu 200 kwa watu 15, wote 200 watasema "mtaa huu walipewa". Unapima uvumi na macho ya watu. Liweke kwenye dodoso, usiligeuze kuwa asilimia ya waliopokea.

Karani wa Sampuli

Nimeona mnabishania njia ya kuuliza tu. Anayeuliza je?

Utafiti uliotumia data za nchi 14 za Afrika ulionyesha kuwa wahojiwa hutoa majibu tofauti kwa mdodosi wa kabila lao na wa kabila lingine, na tofauti ni kubwa zaidi pale makabila hayo mawili yana historia ya kugombana kisiasa. Kwa kaunti ya Pwani, hilo ni suala la mwenyeji na "wa bara". Dawa si kumpa kila mtu mdodosi wa kwao, huwezi. Dawa ni wadodosi wachanganywe nasibu kwenye maeneo, na dodoso liandike kabila la mdodosi na la mhojiwa, ili uweze kuangalia baadaye. Ukipeleka Wagiriama wote Magarini na Waswahili wote mjini, umefunga mlango huo.

Ni nani amewatuma? Afrobarometer huuliza mwishoni mhojiwa anadhani nani amewatuma, na wengi huwataja serikali licha ya kuambiwa mwanzoni kuwa sivyo. Weka swali hilo. Na mkifika kijijini, kumsalimu chifu ni adabu, lakini asitembee nanyi nyumba kwa nyumba. Akiandamana nanyi mmekuwa serikali.

Wakati nao unabadilisha majibu. Kwenye dodoso 22 za nchi 10, zaidi ya watu 35,000, kila mwezi mmoja mkikaribia uchaguzi wenye ushindani uwezekano wa mtu kujitambulisha kwanza kwa kabila ulipanda kwa alama 1.8 za asilimia. Kwa hiyo dodoso la Machi 2027 na la Julai 2027 si kitu kimoja, na msilinganishe kana kwamba watu wamebadilika. Kwa swali la kupokea, ulizeni ndani ya wiki chache baada ya kura. Kabla yake mgao mkubwa bado haujafika. Wenyewe mnajua usiku wa kuamkia uchaguzi.

Sheria: kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kutoa ni kosa na kupokea ni kosa. Hivyo mnakusanya ushahidi wa jinai mkitaka msitake. Majina yasiwepo, GPS ibaki ya eneo na si ya nyumba, namba za simu za kukagua wadodosi zikae faili jingine na zifutwe kazi ikiisha. Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti) kwanza, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Mkichapisha chochote kuhusu nani anaongoza, sheria ya kura za maoni ya 2012 inataka mtaje mfadhili, tarehe, idadi ya wahojiwa na kiwango cha makosa.

Msomaji wa Tanga

Nyongeza ndogo. Dodoso likivuka mpaka kuja Tanga, msitumie "takrima" badala ya hongo. Mahakama Kuu ya Tanzania iliviondoa vifungu vya takrima (vilivyoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura) 2006, lakini neno limebaki na heshima yake ya ukarimu. Atakayekana "rushwa" atakubali "takrima" akitabasamu, na asilimia zenu za nchi mbili hazitalinganishika.

Kubwa zaidi: kupewa si kununuliwa. Uganda, uchaguzi wa 2016, ilifanywa kampeni dhidi ya ununuzi wa kura iliyofikia vijiji 1,427 na wapiga kura wapatao nusu milioni. Ugawaji wa pesa haukupungua. Kilichobadilika ni kura: watu walipokea, kisha wakapiga kwa hiari yao, na wapinzani wasio na pesa wakafaidika. Na Nairobi, majaribio ambayo wahojiwa walisikilizishwa rekodi ya mgombea yalionyesha kuwa anayegawa pesa huonekana ana uwezo na ana nafasi ya kushinda. Yaani mkono mtupu nao unasema kitu. Mkipata 20% waliopewa, kichwa cha habari kisiandikwe "kura 20% zinauzwa".

Mdadisi wa Pwani

Shukrani sana. Nimebadilisha mpango: baada ya uchaguzi, si kabla. Orodha mbili kwa wote 1,200, wanne kwa wanne ndani ya kila eneo, kadi za picha. Shanga nitazijaribu kwenye majaribio ya awali tu. Swali la moja kwa moja nataka nilibakize ili niweze kusema "waziwazi ni asilimia hii, kwa orodha ni hii". Naliweka mwanzo ili orodha isilichafue. Na nitajuaje kama orodha ilivunjika?

mkengeuko_sanifu

Mwanzo hapana. Ukishamuuliza mtu waziwazi akakana, kisha robo saa baadaye unamletea orodha yenye jambo hilohilo, ameshajua unachokitafuta na ataendelea kukana. Liweke baada ya orodha, na maswali mengine kumi katikati. Kwa sababu una orodha mbili kila mtu atakuwa ameshaliona jambo nyeti mara moja, hilo huwezi kulikwepa, lakini heri hivyo.

Kuvunjika kunaonekana hivi. Panga asilimia ya waliojibu 0 hadi 1, 0 hadi 2, na kuendelea, kwa kila kundi. Kuongeza jambo la tano kunaweza kupandisha idadi ya mtu kwa moja au kuiacha palepale, basi. Kwa hiyo kwenye kundi la orodha ndefu waliojibu moja au chini hawawezi kuwa wengi kuliko kwenye fupi. Ukikuta fupi 40%, ndefu 46%, jambo nyeti limewafanya watu washushe hata yale ya kawaida: wameogopa. Upande wa pili, waliojibu mawili au chini kwenye ndefu wasiwe wachache kuliko waliojibu moja au chini kwenye fupi. Tofauti ya alama moja au mbili ni bahati nasibu. Kifurushi cha *list* kwenye R, programu ya takwimu, kina jaribio lenyewe, litakupa jibu kwa namba.

Jaribio hilo halikamati ubovu wote, hasa ule wa urefu wa orodha wenyewe kubadilisha idadi anayotaja mtu. Kwa hilo gawa kundi dogo, watu 100 hivi, orodha ya bandia: jambo la tano liwe lisilowezekana, mfano mgombea aliyekwishafariki alikuja kukusalimia. Tofauti inapaswa kuwa sifuri. Kwa watu 100 utaona hitilafu kubwa tu, kwa hiyo lifanye kwenye majaribio ya awali, urudie mara mbili kabla ya kuchapa kadi. Ikitoka hasi kwa kiasi, urefu wa orodha peke yake unashusha idadi, na makadirio yako ya kweli yatakuwa madogo kuliko inavyostahili. Hapo rudi kwa Bi Dodoso na picha zake, punguza vipengele vya kawaida vibaki vitatu.